Kalimati: shajara ya chatu wa kwanza nyumbani kwetu

Agosti. Sanduku kwanza, nyoka baadaye

Ombi lilitoka kwa binti yangu, anayeingia miaka kumi na tatu. Sheria ya ustawi wa wanyama ya huku Uingereza, ya mwaka 2006, inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, kwa hiyo kwenye karatasi mwenye nyoka ni mimi, na lawama zikija zitanikuta mimi. Tunaishi Leicester, nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba tulimwomba ruhusa kwa maandishi, akajibu kwa mstari mmoja kwamba nyoka ni afadhali, maana mbwa wa mpangaji aliyepita alimmalizia milango. Mke wangu, mtu wa Pangani, alikuwa mgumu zaidi. Nyoka asikae sebuleni. Panya wake wasiguse friza ya chakula. Na yeye asiombwe kumshika, hata kwa utani.

Tunayemtaka ni chatu wa kifalme, *Python regius*. Mtanzania akisikia chatu anamwaza yule wa kwetu, anayepita mita nne na kukaba swala. Huyu ni jamaa yake mdogo. Asili yake ni Afrika Magharibi, kuanzia Senegal, na upande wa mashariki anafika hadi kaskazini mwa Uganda. Jike aliyekomaa hufika mita moja na nusu hivi, dume mara nyingi huishia karibu na mita moja. Mchana hukaa kwenye mashimo ya panya na vichuguu, usiku hutoka kuwinda. Akitishwa haumi kwanza, anajikunja duara na kuficha kichwa katikati.

Kwa Uingereza nyoka huyu hahitaji kibali cha kumfuga. Naliandika hili mapema kwa sababu binamu yangu wa Geita ameshauliza kama anaweza kumwokota mmoja porini akaanza na yeye. Hawezi. Tanzania mnyamapori ni mali ya umma chini ya sheria ya 2009, na kumkamata chatu bila kibali ni kosa.

Mwezi mzima umekwenda kwenye sanduku. Ni la mbao, urefu sentimita 120, upana 60, kimo 60, mbele lina milango miwili ya kioo ya kusukuma, na kufuli ndogo ya chuma inayobana vioo visifunguke. Kufuli si urembo. Nyoka hupitisha kichwa kwenye upenyo wowote, na kichwa kikipita mwili unafuata. Viungo vya mbao nimeviziba kwa silikoni ya matangi ya samaki ili unyevu usilowee kwenye mbao.

Kazi yenyewe ni joto. Nyoka hazalishi joto mwilini kama sisi, analiazima mahali alipo. Akitaka kusaga chakula anasogea penye moto, akishatosheka anasogea penye ubaridi. Kwa hiyo sanduku linatakiwa liwe na ncha mbili: upande mmoja nyuzijoto 32 hivi, upande wa pili 25 au 26, na usiku pasishuke sana chini ya 24. Nimefunga hita ya seramiki juu, upande wa kulia. Haitoi mwanga, kwa hiyo inaweza kuwaka usiku bila kumvurugia giza lake. Imezungushiwa wavu wa chuma, kwa kuwa nyoka anaweza kujiviringisha kwenye kitu cha moto akatulia hapo mpaka ngozi inaungua. Hizi ajali zipo nyingi, na karibu zote ni za hita isiyo na wavu au isiyo na themostati, kile kifaa cha kudhibiti joto.

Kuhusu themostati sikutaka rahisi. Zile za kuwasha na kuzima zinafaa mikeka ya joto, balbu zinataka ile inayopunguza mwanga polepole, na seramiki inataka inayotuma umeme kwa vipigo vifupi. Kihisio chake nimekifunga kwa kibano cha skrubu, si kwa gundi. Kikidondoka mbali na hita, themostati itadhani kuna baridi na kuiacha hita iwake bila kikomo.

Sanduku limewaka tupu mpaka namba zilipotulia. Binti yangu amekuwa akisoma vipimajoto asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Aliniuliza tunamwandikia nani kama nyoka hayupo. Nikamwambia huo ndio wakati mzuri wa kugundua kwamba namba haziko sawa.

Vitu, kwa jumla, vilikula pesa mara kadhaa ya bei ya nyoka mwenyewe. Anayepanga bajeti aanzie hapo.

Septemba, wiki ya kwanza. Kumchagua

Mfugaji tuliyemwendea yuko mji wa jirani na ana leseni ya halmashauri. Vyumba vyake vimejaa droo za plastiki kama kabati la nguo, kila droo nyoka mmoja. Mimi droo zile sizipendi, nikamwambia. Akasema nyoka wake wanakula na wanazaa. Tukaachia hapo.

Rangi ndipo tulipokwama. Tangu mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alipototolesha zeruzeru wa kwanza wa aina hii katika ufugaji, mwaka 1992, wafugaji wamechanganya jeni na kupata rangi za kila namna: njano ya ndizi, nyeupe tupu, wenye michirizi, wasio na madoa kabisa. Binti yangu alisimama mbele ya mmoja mwenye mistari myembamba mithili ya utando. Ni mzuri kweli, lakini jeni ya rangi hiyo, wanayoiita buibui, inakwenda pamoja na hitilafu ya mishipa ya fahamu. Wengine kichwa kinatikisika kidogo tu, wengine wanajipindua na kukosa shabaha wakimvizia panya. Nilimwonyesha huyo kwenye droo alivyokuwa akiyumbisha kichwa. Hakubishana tena.

Tulimchukua dume wa rangi ya kawaida, kahawia na nyeusi, aliyetotolewa kiangazi cha mwaka jana. Kabla ya kulipa tulimkagua: matundu ya pua makavu, hakuna mapovu mdomoni, pumzi haina mlio, macho maangavu, chini ya kidevu na kuzunguka macho hakuna utitiri, tundu la nyuma safi. Gramu 612. Muhimu kuliko yote, mfugaji alitupa karatasi ya milo yake. Amezoea panya waliogandishwa na kuyeyushwa, na hajawahi kupewa panya hai.

Nilisisitiza kwamba awe amezaliwa katika ufugaji. Bado Togo, Benin na Ghana husafirisha vifaranga wa chatu huyu kwa maelfu. Wawindaji wanachimbua majike wenye mimba au mayai mashimoni, mayai yanatotolewa kwenye vibanda, kisha vifaranga wanapanda ndege. Karatasi za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, zinakuwepo, aina hii imo kwenye Kiambatisho cha Pili, yaani inauzwa nje kwa kibali, lakini wengi wanafika wamechoka, wana utitiri na minyoo, na hawali. Na jambo linalonishangaza ni kwamba kwenye nchi hiyohiyo ya Benin, mjini Ouidah, chatu huyuhuyu ana hekalu lake, mkabala na basilika ya Wakatoliki. Akiingia nyumbani kwa mtu usiku anabebwa kwa heshima na kurudishwa. Mnyama mmoja, nchi moja.

Jina alilipata garini. Alikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa, ndani ya boksi, kwenye mapaja ya binti yangu, amejikunja mviringo mtupu. Mke wangu akageuka kutoka kiti cha mbele, akapapasa mfuko kwa ncha ya kidole, na akasema, "Huyu si kalimati huyu?" Ndiyo ikawa. Nashuku hilo sharti la kutomgusa alilivunja mwenyewe.

Septemba, katikati. Hakuna cha kuona

Chini tumetandika karatasi nyeupe za jikoni, hakuna udongo. Mwezi wa kwanza nataka kuona kila kitu: choo chake kikoje, kuna utitiri unaotembea, kuna damu. Maficho ni mawili yanayofanana, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, membamba kiasi cha kumgusa pande zote akiwa ndani. Yakiwa moja tu, atachagua kujificha na kuacha joto analolihitaji, au kinyume chake, na kwa vyovyote anapata hasara. Katikati nimeweka bakuli zito la maji, gome la koki, na majani ya plastiki mengi kuliko nilivyodhani yanafaa. Uwazi mtupu unamtia hofu.

Wiki yote hakuna anayemgusa. Hakuna anayempa chakula. Tunabadilisha maji, tunasoma namba, tunafunga. Binti yangu anakaa mbele ya kioo na kazi za shule, anaangalia shimo jeusi ambalo huenda nyoka yumo, huenda hayumo. Marafiki zake walikuja kumwona, wakaona karatasi za jikoni.

Watu wazima ndio wagumu. Rafiki yetu mmoja, ambaye tunakula naye kila Jumapili, amehamishia ziara zake kwenye simu. Mwingine ameuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo ambalo tunalitafutia ulinzi. Mama yangu, Mwanza, hakushtuka hata kidogo. Amekua akiwaona Bayeye, wale wacheza ngoma wa Kisukuma wenye nyoka, na ni watu ambao pia walikuwa wakitibu walioumwa. Alitaka kujua jambo moja tu: "Sasa huyo wenu anacheza ngoma gani?"

Septemba, mwishoni. Mlo wa kwanza

Panya wanakaa kwenye friza ndogo ya mitumba, bandani nyuma ya nyumba. Nimemtoa mmoja wa gramu 48 jana usiku, akayeyuka kwenye jokofu la humohumo ndani ya mfuko uliofungwa. Leo jioni nimeutia mfuko kwenye maji ya moto mpaka panya akafika nyuzi 38 hivi. Maikrowevu haitumiki: sehemu moja inaiva, nyingine inabaki barafu, na tumbo linaweza kupasuka. Ukubwa tunaupima kwa unene wa nyoka, panya asizidi sana sehemu nene ya mwili wake.

Joto la panya si adabu tu. Kwenye midomo ya chatu kuna safu ya vishimo vinavyohisi joto, na gizani hivyo ndivyo vinavyomwambia kuna kitu chenye damu mbele yake. Panya baridi kwake ni kama hayupo. Nilizima taa, nikamshika panya kwa koleo refu kiunoni, nikamsogeza mbele ya maficho kama anayepita njia.

Ulimi ulitoka kwanza, ukarudi, ukatoka tena. Kisha shingo ikajikunja herufi ya S. Kilichofuata sikukiona, nilikisikia kwenye koleo. Nilipowasha taa ndogo panya alikuwa ameshazungushiwa mizunguko miwili.

Tangu shuleni nilijua kwamba chatu anamnyima mnyama pumzi. Mwaka 2015 Scott Boback na wenzake huko Marekani walipima panya waliokabwa na boa, nyoka mwingine anayekaba, wakakuta kwamba shinikizo la damu linaporomoka ndani ya sekunde chache na moyo unashindwa kusukuma damu. Mnyama anapoteza fahamu kabla pumzi haijawa tatizo. Na taya halichomoki, kama watu wanavyosimulia. Nusu mbili za taya la chini hazijaungana kidevuni, zimeshikwa na mshipa unaovutika, kila upande unatembea peke yake, kushoto kulia, kushoto kulia, na nyoka anajivuta juu ya chakula chake taratibu.

Binti yangu alitazama mwanzo hadi mwisho bila neno. Mke wangu alisimama mlangoni, akasema "Subhanallah," akaenda zake.

Baada ya mlo hashikwi kwa siku mbili kamili. Tumbo lote linafanya kazi. Kwa chatu wa Burma watafiti wamepima moyo ukikua kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya kula, kisha ukarudi. Nyoka anayebughudhiwa wakati huo anatapika, na kutapika kunamdhoofisha.

Oktoba. Makumbi, na gamba la kwanza

Karatasi zimetoka. Choo kilikuwa kizuri, utitiri hakuna. Tumetandika chenga za makumbi ya nazi, sentimita nane hivi. Dukani zinauzwa kama matofali makavu yaliyoshindiliwa, unayaloweka yanafumuka. Mke wangu aliposoma bei ya makumbi alicheka mpaka akakaa chini. Kwao Pangani yanachomwa.

Makumbi yanashika unyevu bila kuoza haraka, na unyevu ndio unaosumbua huku. Tunalenga asilimia 60. Hita inakausha, kwa hiyo maji nayamimina pembeni yaende chini ya tandiko, juu pabaki pakavu. Ukinyunyizia juu kila siku, tumbo lake linalala kwenye tope na magamba yanaoza. Mbao za msonobari na mwerezi nimeziepuka, mafuta yake yanaudhi mapafu.

Wiki ya pili ya mwezi rangi yake ilififia, tumbo likawa la waridi, na macho yakawa ya kijivu kibuluu. Hana kope. Jicho limefunikwa na gamba moja angavu, na hilo nalo hubadilishwa pamoja na ngozi. Wakati huo haoni vizuri, kwa hiyo tulimwacha kabisa, tukapandisha unyevu hadi 70. Macho yakarudi kung'aa, na baada ya hapo, usiku mmoja, gamba likatoka zima kuanzia puani hadi ncha ya mkia, limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Tulilikagua kwa taa: vifuniko vya macho yote mawili vimo, ncha ya mkia imo. Ngozi ikibaki imezunguka ncha ya mkia inabana damu, na mkia unakufa.

Picha niliituma kwenye kundi la familia. Mjomba wa Dodoma akajibu: "Huyo ametekeleza lile azimio la 2011." Watanzania wataelewa: mwaka ule CCM, chama tawala, ilitangaza "kujivua gamba".

Oktoba, mwishoni. Kumshika

Dakika kumi, mara mbili kwa wiki, si zaidi. Kwanza tunamgusa mgongoni kwa bomba la karatasi, ajue kwamba sasa si wakati wa kula. Kisha mkono unakuja kutoka ubavuni, kamwe si kutoka juu, maana juu hutoka mwewe. Binti yangu anamwinua katikati ya mwili na kumwacha atembee kutoka mkono hadi mkono. Sijui kama nyoka anafurahia. Nadhani anavumilia, na kuvumilia kwake kunatutosha. Watu wanaoandika kwamba nyoka wao anawapenda nawaachia wenyewe.

Mikono inaoshwa kwa sabuni kabla na baada. Kabla, ili isinuke chakula. Baada, kwa sababu ya salmonela, bakteria ambao wanyama watambaao hubeba bila kuugua. Shemeji alipokuja na mtoto wa mwaka mmoja, chumba kilifungwa kwa ufunguo. Watoto wa chini ya miaka mitano hawashiki.

Novemba hadi Februari. Hali chakula

Mwanzoni mwa Novemba alikuwa gramu 668. Tukampa panya, akamnusa, akarudi ndani. Wiki mbili baadaye vilevile. Desemba akageuzia panya kisogo kabisa.

Kila anayesoma habari za chatu wa kifalme anaonywa kwamba hawa ni wagomaji wa chakula, hasa madume majira ya baridi, na kwamba wanaweza kukaa miezi. Kwao Afrika Magharibi msimu wa kuzaliana una mfungo wake, madume wanatafuta majike badala ya panya, na majike wanaolalia mayai hawali mpaka yatotolewe. Hayo nilikuwa nayajua. Kuyajua ni jambo moja, na kutupa panya aliyekataliwa, usiku wa Desemba, na mtoto anakuangalia, ni jambo jingine.

Kitu cha kwanza ni kwamba mgomo wenye sababu unafanana na mgomo usio na sababu. Kwa hiyo tulirudi kwenye daftari. Joto: nyumba ilikuwa imepoa, hita ilikuwa ikifanya kazi zaidi, lakini juu ya makumbi upande wa kulia kipimajoto chenye umbo la bunduki kilisoma 32. Upande wa kushoto usiku ulikuwa umeshuka hadi 22, kwa sababu ukuta wa nyuma unapakana na nje. Nikabandika ubao wa povu nyuma ya sanduku, ikarudi 24. Unyevu 58. Maficho yako palepale. Pumzi haina mlio, mdomo unafungwa vizuri, hatembei huku kichwa kaelekeza juu kama anayetafuta hewa. Hakuna aliyehamisha kitu chumbani.

Nilimpigia daktari wa mifugo anayeshughulika na wanyama watambaao. Aliuliza uzito kabla hajauliza kingine chochote. Maelekezo yake: mpime kila wiki mbili kwenye mizani ileile, mpe chakula mara moja kila wiki mbili au tatu na si zaidi, msimshikeshike, na akipoteza asilimia kumi ya uzito au akionyesha dalili ya kifua mleteni. Asilimia kumi ya 668 ni 67, kwa hiyo mstari wetu mwekundu ukawa gramu 601. Binti yangu aliuandika kwa kalamu nyekundu kweli.

Desemba mwishoni: 661. Januari katikati: 655. Februari mwanzoni: 649.

Ukitazama namba hizo bila kumtazama mtoto, hakuna tatizo. Nyoka asiyekula miezi mitatu amepoteza gramu 19, na sehemu ya hizo ni choo. Lakini nyumba nzima ilikuwa na ushauri. Jamaa mmoja anayefuga alisema tumpe panya hai, atashtuka ale. Nilikataa. Panya aliyefungiwa na nyoka asiye na njaa ndiye anayeanza kutafuna, na nimeona picha za migongo ya nyoka iliyoliwa hadi mfupa. Mwingine alisema tumlishe kwa nguvu, jambo ambalo daktari alishatuambia ni la mgonjwa wa mwisho kabisa, tena mikononi mwa daktari. Mama akapendekeza yai. Chatu huyu hali mayai, nikamwambia. Akasema kuku wa huku ndio wanaomchosha.

Mimi mwenyewe nilikuwa na hamu kubwa ya kufanya kitu. Kuhamisha gome, kubadilisha tandiko, kujaribu panya wa rangi nyingine, kupandisha joto digrii moja. Kila badiliko kama hilo kwa nyoka ni nyumba mpya, na nyumba mpya ni sababu nyingine ya kutokula. Ndiyo maana sehemu hii ya shajara ni fupi kwa matendo. Tulibadilisha maji, tukapima, tukafunga mlango. Hata zile dakika kumi za kumshika tulizifuta Januari yote.

Usiku wa Januari mmoja niliwasomea habari ya jike mmoja wa bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani. Alipelekwa pale mwaka 1961 na mtu binafsi. Mwaka 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, alitaga mayai saba, na hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15. Wengi hawafiki huko, lakini miaka 20 hadi 30 ni kawaida. Mke wangu akapiga hesabu kimyakimya. "Kwa hiyo," akasema, "huyu atakuwepo kwenye harusi ya mwanangu." Binti yangu akasema huenda asiolewe. Mazungumzo yakahamia huko, nyoka akapumzika.

Machi

Amekula.

Jioni ya kawaida, panya wa kawaida, koleo lilelile. Alikuwa ameshatoka nje ya maficho kabla sijazima taa, ameegemeza kidevu kwenye gome. Alimpiga panya kwa nguvu kiasi kwamba koleo lilinitoka mkononi na tukaliacha humo hadi asubuhi. Binti yangu alikimbia ngazi zote kwenda kumwambia mama yake, na mama yake, ambaye hana habari na nyoka, akauliza panya alikuwa wa gramu ngapi.

Uzito kabla ya mlo: 644. Mlo wa pili ulikuja baada ya siku kumi, panya mdogo kidogo, ili tumbo lirudi kazini bila kishindo. Akaupokea vilevile. Choo kikatoka kigumu na cheupe upande wa mkojo, ndivyo kinavyotakiwa.

Aprili. Yaliyobaki

Gamba jingine limetoka, zima. Uzito 690. Milo sasa ni kila wiki mbili. Akikomaa tutaisogeza kuwa kila wiki tatu au nne, kwa sababu chatu wengi wa ndani ya nyumba wanakufa kwa unene, hawafi kwa njaa.

Nimefunga taa hafifu ya miale ya jua, saa kumi na mbili kwa siku. Wafugaji wanabishana kama nyoka wa usiku anaihitaji. Wa kwangu huwa anatoa robo ya mwili chini yake saa za jioni, basi nimeiacha.

Julai tunakwenda Mwanza wiki nne. Tutampa mlo wa mwisho wiki moja kabla ya safari, na tukiwa huko hatalishwa na mtu yeyote. Miezi ile ya baridi imetuondolea hofu hiyo. Atakayekuja kubadilisha maji ni yule rafiki wa simu, ambaye amekubali kwa sharti kwamba kufuli ya kioo aione imefungwa kabla hajaingia chumbani. Bakuli la maji nitalihamishia karibu na mlango wa kushoto, ili afungue kioo kiganja kimoja tu. Hili nalifanya sasa, Aprili, nyoka awe ameshalizoea kabla hatujaondoka.

Vya kununua: kihisio cha akiba cha themostati, makumbi matofali mawili, na panya. Friza imebaki na watatu.